Tulimjua kwa Pama Yake

(Mazungumzo ya redio ya wiki iliyopita, kama yalivyosomwa)

Leo naomba unifuate hadi ufukweni, pale majabali ya Capri Point hapa Mwanza yanapoingia ziwani. Usivae viatu vizuri, kwa sababu mawe yana utelezi. Tena usije na haraka, kwa sababu mahali pale haraka haina kazi.

Kuanzia saa kumi jioni, jua linapoanza kulegea, utawakuta wanaume wameketi juu ya mawe, kila mmoja na lake. Wachache wana fimbo za dukani zenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Wengi wana mwanzi tu, au mshipi waliouzungushia chupa tupu ya maji. Boya ni kipande cha kandambili kuukuu. Chambo ni minyoo, ama donge la ugali, maana sato wa ziwa letu anapenda ugali kama mwenyeji mwingine yeyote wa Kanda ya Ziwa.

Hao si wavuvi, na ni vizuri tuelewane hapo mapema, kwa sababu mvuvi halisi akinisikia nikiwaita hivyo atacheka mpaka apaliwe. Mvuvi ni yule anayekesha ziwani akivua dagaa, taa zikimeremeta gizani kama mji wa pili. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za umeme wa jua. Mvuvi ni yule ambaye mzigo wake utafika Mwaloni Kirumba na kukutana na wanunuzi waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi. Huyo akikosa samaki, watoto wake wanalala na njaa. Sisi wa mawe tukikosa samaki tunapita sokoni, tunanunua, tunafika nyumbani na kukaa kimya kama waliovua. Tunavua kwa kujifurahisha. Nasema sisi, kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Niliacha kushika chaki mwaka 2020, nilipotimiza miaka 60. Wastaafu wenzangu mtanielewa. Wiki ya kwanza unalala. Wiki ya pili unapaka rangi mlango. Mwezi wa pili mke wangu aliniambia, "Mwalimu, umenipangia vyombo vyangu mara ya tatu wiki hii, na mara zote tatu nimevitafuta kutwa nzima. Hebu nawe tafuta mahali pa kwenda." Nikanunua ndoano tano na mshipi wa mita 50, nikateremka ziwani.

Pale mawe niligundua jambo ambalo miaka 35 ya kukaa na walimu wenzangu haikunifundisha. Mwanaume wa kwetu akimtembelea mwanaume mwenzake bila sababu, wote wawili wanaona haya. Mwenyeji atauliza, "Kuna nini?" Mgeni atajibu, "Hakuna, nimepita tu." Mwenyeji hataamini, atangoja mpaka mgeni aseme anataka mkopo au ana msiba. Lakini ukiwa umeshika ndoano, sababu unayo. Hukuja kumtafuta mtu, umekuja kutafuta sato. Kumbe mtu amekaa hatua nne kutoka kwako, naye macho yake yako kwenye boya, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Ukitaka unasema neno moja. Usipotaka unanyamaza saa tatu, na hakuna atakayekuuliza umenuna nini.

Ndiyo maana tunakwenda. Mtu akikwambia anakwenda kwa ajili ya samaki, mhesabie samaki wake.

Tuko wa kila namna. Yupo fundi seremala, yupo aliyekuwa reli, yupo kijana wa bodaboda anayekuja abiria wakipungua, yupo mmoja mwenye kikohozi kisichokwisha. Tunasalimiana "Mwangaluka" hata kama ni jioni, tunaitana ngosha, tunaitana mzee, tunaitana kaka, basi. Na kila siku, ifikapo saa kumi na mbili na nusu, simu yangu hulia. Ni mke wangu, anauliza narudi saa ngapi. Nami hujibu kwa sauti kubwa, ili wenzangu wasikie, "Mama, hata samaki wananiuliza hivyo hivyo!" Wanacheka. Kila siku naguna, kila siku wanacheka.

Mwishoni mwa mwaka 2021 alikuja mzee mmoja aliyevaa kofia ya pama, rangi ya kahawia, yenye alama nyeupe ya jasho kuizunguka. Aliketi kwenye jiwe la mwisho, lile lililo karibu kabisa na maji. Alikuwa na fimbo ya kutembelea aliyoichonga mkato. Tulipomwuliza mkato ule ni wa nini, alisema ni sentimeta 50. Sangara asiyefika pale alimtoa ndoano taratibu, akamrudisha majini, kama sheria inavyotaka. Wenzangu na mimi, nakiri mbele yako msikilizaji, hatukuwa waaminifu kiasi hicho.

Tukamwita Mzee wa Pama. Tukakaa naye karibu miaka mitatu.

Ukiniuliza nilichokijua kuhusu mzee yule, ningekujibu bila kusita. Nilijua anatumia ndoano ya namba gani. Nilijua haweki ugali, anaweka minyoo, na minyoo yake huihifadhi katika kopo la kahawa lenye udongo mbichi. Nilijua akipata gogogo hukasirika, kwa sababu gogogo ana miiba na haachi ndoano kwa heshima. Nilijua kikohozi chake na kikohozi cha mwenzetu yule mwingine. Ningeweza kuvitofautisha gizani.

Jioni moja alisema, bila kuulizwa na mtu, kwamba alipokuwa mtoto furu wa ziwa hili walikuwa wa kila rangi, kabla sangara hajaletwa na kuwamaliza. Alisema walikuwa wakiwashika kwa mikono, wakawatia kwenye kibuyu ili wawatazame tu. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwa mara moja. Sisi tukajibu kwa habari za bei ya minofu ya sangara. Hakuna aliyemwuliza alikulia wapi.

Jambo jingine. Siku moja ya mwezi Mei alikuja, akaketi, akaweka fimbo chini, asitupe ndoano. Alikaa vile mpaka giza likaingia. Fundi akadhani mzee hana chambo. Akamkatia fungu la minyoo yake, akampelekea. Mzee akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka pembeni. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, vilevile. Mwaka wa tatu, vilevile, na safari hii nilimpelekea minyoo mimi. Tulijiona watu wema sana.

Mwezi Agosti mwaka 2024 hakuonekana. Siku ya kwanza hatukusema kitu. Wiki ilipopita, mmoja alisema, "Labda amekwenda kijijini." Mwingine akasema, "Labda amehamia Nyegezi, nasikia sato wa kule wanashika sana." Wiki ya tatu kijana wa bodaboda akaanza kuketi kwenye lile jiwe la mwisho, kwa kuwa ni zuri na lilikuwa wazi. Hakuna aliyemzuia. Wiki ya tano hatukumtaja tena.

Ilikuwa baada ya kama siku arobaini. Alikuja mwanamke mmoja, umri wake miaka 37 hivi, amejifunga khanga, mkononi ameshika kopo la kahawa. Alisimama juu barabarani kwanza, akituangalia. Kisha akashuka kwenye mawe, viatu mkononi, akaja hadi kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani. Nyinyi ndio wenzake baba yangu? Alikuwa anavaa pama."

Nikainuka. Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi, lile neno "alikuwa" lilitosha.

Alituambia baba yake alipatwa na kiharusi usiku. Walimkimbiza hospitali, hakufika asubuhi. Walivuka na mwili kwa kivuko cha Kigongo, wakamzika nyumbani kwao Sengerema. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kila nikitupa ndoano: "Nilitaka kuwaita msibani, sikujua nimwite nani. Nilipekua simu yake yote, sikukuta jina la mtu wa ziwani. Baba kila jioni alirudi akitutajia habari zenu, nikadhani anawajua."

Tukamwuliza alikuwa akisemaje. Akahesabu kwa vidole. "Alisema mko watano. Fundi. Yule wa reli. Yule mwenye kikohozi. Kijana wa pikipiki. Na yule mwenye bahati."

Tukatazamana. Mwenye bahati ni nani? Katika watu wote wa mawe yale hakuna mwenye bahati. Mimi hasa ndiye ninayesifika kwa kurudi mikono mitupu. Binti akasema, "Ni yule anayepigiwa simu na mkewe kila jioni."

Ndugu msikilizaji, sikuwa na la kujibu.

Ndipo binti akatusimulia yaliyobaki. Mama yake alikuwa ndani ya MV Bukoba, ile meli iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza, safari ikiwa imebaki kidogo tu kwisha. Mamia ya watu walikufa. Wako waliozikwa pale Igoma. Wako ambao ziwa halikuwarudisha, na mama huyu ni mmojawapo. Binti alikuwa na miaka tisa. Baba hakuoa tena. Alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha kuchambua pamba, akamsomesha, na alipozeeka binti akamhamishia hapa mjini akae naye. Kila mwaka ifikapo tarehe 21 Mei, mzee alishuka ziwani, kwa sababu kwake kaburi lilikuwa lile.

Nasi tulimpelekea minyoo.

Sisemi hivi ili tujipige vifua. Minyoo ile ilitolewa kwa moyo safi, na naamini mzee aliipokea hivyo. Lakini tulikuwa na siku elfu moja za kukaa hatua nne kutoka kwake, na katika siku hizo swali moja dogo lingetosha: "Mzee wangu, mbona leo hutupi?" Hatukuuliza. Tulidhani kutouliza ndiyo adabu. Siku hizi najiuliza kama ilikuwa adabu kweli, au tuliogopa kupata jibu.

Wako watakaosema upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2018 Uingereza ilipoteua waziri wa kushughulikia upweke, na Japani ikafuata mwaka 2021, wengi hapa kwetu tulicheka. Tukasema, wenzetu wamekwisha. Sisi Waafrika tuna ukoo, tuna ujirani, tuna misiba na harusi. Basi sikiliza hii. Mwezi Juni mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu jambo hili. Ilisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka, yaani kama watu 100 kila saa. Ikasema unaongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na kisukari. Na ikasema jambo ambalo lingetukata kicheko: katika nchi za kipato cha chini, watu wanaosema wana upweke ni kama asilimia 24, wakati katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Ugonjwa tuliowacheka nao wenzetu, kwetu ni mara mbili.

Sitaki kusema mzee wetu aliuawa na upweke. Mimi si daktari, na kiharusi kina sababu nyingi, shinikizo la damu likiwa mbele. Nasema tu kwamba alikuwa mpweke, na alikuwa mpweke katikati yetu.

Nimejaribu kufikiri tulipotelea wapi. Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wanaume wa boma waliketi, wazee wakiwafunza vijana. Pale hukuhitaji sababu ya kwenda. Ukikosekana ndipo sababu ilipotafutwa. Kisha tukaja mjini, na kazi ikawa ndiyo shikome yetu. Bandarini, relini, kiwandani, shuleni, jina lako lilisomwa kila asubuhi. Usipofika, mtu alitumwa. Siku unapostaafu unapewa cheti na kuku wa kuchoma, na kuanzia kesho yake hakuna tena anayesoma jina lako.

Wanawake wetu wametuzidi akili hapa. Mke wangu ana kikoba chake, ana kwaya, ana jumuiya. Akikosekana Jumamosi moja, ikifika Jumapili wameshajaa sebuleni na vyungu vya uji. Sisi wanaume tuna mpira. Ninamjua mtu niliyekaa naye nikitazama mechi za Simba na Yanga miaka minane, na hadi leo sijui kama ana watoto.

Hata wavuvi wa kazi, wale niliosema watatucheka, wametuzidi. Mtumbwi wa dagaa hauwezi kuondoka bila watu wake. Mmoja asipotokea jioni, mwenzake anakwenda kumgongea mlango, kwa sababu makasia hayajivuti. Wao wanategemeana kwa mkate wa kila siku. Sisi wa kujifurahisha hatutegemeani kwa kitu. Asipokuja mtu, samaki wanaongezeka. Ndiyo hatari ya starehe: haina mtu anayekudai uwepo.

Huko Australia, tangu miaka ya 1990, wanaume wazee wamejianzishia mabanda ya ufundi. Wanakutana kutengeneza viti, kunoa misumeno, kukarabati baiskeli, na humo wanazungumza. Wenyewe husema mwanaume hazungumzi uso kwa uso, huzungumza bega kwa bega. Niliposoma hayo nilitabasamu. Bega kwa bega ni sisi kabisa! Lakini nikaona pia tulipopungukiwa. Bega tunalo, jina hatuna.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Kuwa peke yako si upweke. Wako wanaokwenda ziwani ili wapumzike na watu, na wana haki yao. Mimi mwenyewe zipo siku nikikuta jiwe langu lina mtu, naumia. Ukimya wa ziwa ni dawa, na mwenye kunywa dawa haulizwi maswali katikati ya kumeza. Tofauti ni hii: aliyetaka kuwa peke yake anajua kwamba akiinuka yuko mtu wa kumrudia. Mpweke hajui hivyo. Na kwa nje, ndugu yangu, wote wawili wamevaa pama na wanatazama boya. Huwezi kuwatofautisha kwa macho. Lazima uulize.

Mwezi Julai mwaka 2025 tuliamua kwenda Sengerema, sisi watano, na binti alituongoza. Wakati huo daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa limekwisha kufunguliwa mwezi uliotangulia. Ni kilometa tatu juu ya maji, na tulilivuka kabla mwenye kikohozi hajamaliza kusimulia alivyowahi kulala foleni ya kivuko na gari la mahindi. Nilifikiri juu ya mzee wetu aliyevuka pale kwa kivuko, ndani ya jeneza, wala hapakuwa na mtu wa mawe hata mmoja wa kumsindikiza.

Kaburini hatukujua la kufanya. Hatukuwa ndugu, hatukuwa majirani, hatukuwa wafanyakazi wenzake. Mwishowe yule wa reli akavua kofia, akasema, "Mzee, mimi naitwa fulani, natoka Igogo." Akataja jina lake kamili na la baba yake. Fundi akafuata. Kila mmoja akajitambulisha, kama watoto siku ya kwanza ya shule. Na hapo nikatambua kwamba hata majina yao mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka mitano.

Jina la mzee wetu sasa tunalijua. Sitalisoma redioni, kwa heshima ya familia. Lakini limeandikwa juu kabisa katika daftari letu.

Naam, tuna daftari. Ni la shule, la kurasa 80, na analitunza fundi katika mfuko wa nailoni lisilowe. Ndani yake kuna jina la kila mtu wa mawe, mtaa anaokaa, na namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani kwake. Hatuna mwenyekiti, hatuna katibu, hatuna mweka hazina. Nimeishi nchi hii vya kutosha kujua kwamba chama chetu kingekuwa na mfuko, mwezi wa pili tungekuwa polisi. Tuna sheria moja tu. Asiyeonekana siku tatu bila kuaga anapigiwa simu. Asipopokea, mmoja wetu anakwenda.

Si wote walilipokea daftari kwa furaha. Mmoja aligoma, akasema, "Mnaandika namba za watu, mnataka kunidai?" Tulimwacha. Akavua nasi miezi miwili akitutazama kwa jicho la pembeni, kisha jioni moja akamsogelea fundi, akamtajia jina lake taratibu kama anayetubu. Mwingine tulimtafuta siku nne kwa wasiwasi, kijana wa bodaboda akaenda hadi kwake, kumbe mwenyewe yuko Bariadi anakula harusi. Alitucheka wiki nzima. Lakini niliona kwamba wiki ile nzima alikuwa wa kwanza kufika kwenye mawe.

Wa tatu hakutucheka. Anaishi peke yake chumba cha kupanga huko mlimani Mabatini. Alipokosekana, yule wa reli alipanda ngazi za mawe, kikongwe mwenyewe, akamkuta amelala siku ya pili, ana homa, hana maji ya kunywa. Majirani walidhani amesafiri. Alitibiwa, akapona, sasa yuko nasi. Juzi alipata sangara wa kilo tano, na kelele alizopiga zilifukuza samaki wengine wote.

Sasa neno langu kwa nyinyi mlio nyumbani. Binti wa mzee alituambia, na alisema akilia, kwamba hakuwa na wasiwasi kwa sababu alijua baba ana wenzake ziwani. Watoto wa mjini, hilo ndilo tunalojifariji nalo: baba ana kijiwe chake, baba ana wenzake wa kahawa, baba ana ndoano yake. Mwulize baba wenzake wanaitwa nani. Akikujibu "yule fundi" na "yule wa reli," usiridhike. Shuka naye siku moja. Kaa juu ya jiwe, acha simu mfukoni. Umpe mmojawapo namba yako.

Na neno langu kwa wanaume wenzangu, wa ziwani na wasio wa ziwani. Sikutumi ukamkumbatie mtu, wala ukamwage machozi mbele yake, najua tulivyo. Kazi ya wiki hii ni ndogo. Yuko mwanaume unayekaa naye kila siku, kwenye kahawa, kwenye bao, kwenye daladala ya asubuhi, kwenye benchi la mpira, nawe humjui jina. Mwulize jina lake. Mwulize anakaa wapi. Na siku akikaa bila kutupa ndoano, usimpelekee minyoo. Sogea umwulize kuna nini, kisha ungoje jibu, hata likichukua muda.

Mimi bado naketi pale pale. Jiwe la mwisho kijana wa bodaboda amelihama mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Saa kumi na mbili na nusu simu inalia kama kawaida, na wenzangu wanangoja niseme utani wangu wa samaki. Siku hizi sisemi. Ninajibu tu, "Nakuja, mama."